Ndugu yangu alikufa kabla aokoke, sasa ako wapi?

"Bwana asifiwe mchungaji. Naishi Kayole. Ndugu yangu mdogo alikuwa wa boda, aligongwa na lori Outering usiku akafariki kabla afikishwe hospitali. Alibatizwa PCEA, kanisa la Wapresbiteri, akiwa mtoto na akasoma katekisimo, lakini miaka ya mwisho alikuwa haendi kanisa, alikuwa anakunywa, na hata hiyo siku alikuwa amekunywa kidogo. Lakini alikuwa na roho safi, akina mama wa ploti wakishikwa na uchungu usiku ndiye alikuwa anawapeleka hospitali ya Mama Lucy bila kulipisha. Siku ya mazishi pasta mgeni alipewa maiki akasema tusidanganyane, huyu kijana hakukata shauri, saa hii anaungua, nyinyi mlio hai ndio bado mko na chansi. Mama alizirai hapo hapo. Shangazi ni Mkatoliki anasema tumwombee misa, shemeji ni Msabato anasema marehemu amelala hajui kitu, tuache hizo maneno. Mimi namwota ananiambia anaskia baridi. Kuna nabii mmoja mama wa huku mtaani anasema roho yake imefungwa, anataka elfu kumi na tano amfungulie. Niambie ukweli, ndugu yangu ako wapi? Nitamwona tena? Kuna siku natamani tu nimfuate nijue."

Dada yangu, pole. Pole wewe na pole mama, kupoteza kijana barabarani usiku halafu mbele ya jeneza mrushiwe maneno kama hayo ni kufiwa mara mbili.

Wacha nianze na hiyo sentensi yako ya mwisho, juu ndiyo nimerudia kusoma kuliko zingine zote. Kama ulimaanisha tu vile unamkosa, nakuelewa, waliofiwa wengi huniambia hivyo. Lakini kama kuna siku hayo mawazo huja na mpango, yaani unafikiria wapi na kwa njia gani, usingoje umalize kusoma hii jibu, ambia mtu mmoja unayemwamini leo hii na upige 1199, ni laini ya bure ya Msalaba Mwekundu, ama uende hospitali iliyo karibu useme hivyo hivyo vile umeniandikia. Na usikubali mtu akuambie kukimbilia kifo ni njia ya kumfikia Mungu ama ya kuwafikia wenye walitangulia. Hii nchi iliona Shakahola mwaka wa 2023, watu wakafundishwa wafunge mpaka wafe ndio wakutane na Yesu, na miili zaidi ya 400 ikafukuliwa kwa huo msitu, ya watoto ikiwemo. Paulo mwenyewe kwa Wafilipi sura ya kwanza anakubali anatamani kwenda akae na Kristo, lakini akaona kubaki ndio muhimu zaidi kwa sababu kuna watu walikuwa wanamhitaji. Mama yako ashazika mmoja.

Sasa twende kwa huyo pasta. Alisema anajua ndugu yako ako wapi saa hii. Hajui. Simtetei marehemu nikisema hivyo, nasema tu vile Biblia yenyewe iko. Waebrania 9:27 inasema watu wanawekewa kufa mara moja, na baada ya kufa hukumu, na hiyo hatuwezi kuifuta, hukumu iko na ni kitu ya kuogopa. Lakini nani anahukumu? Yohana 5 inasema Baba amempa Mwana hukumu yote. Halafu Paulo anawaandikia Wakorintho, barua ya kwanza sura ya 4 mstari wa 5, "msihukumu neno kabla ya wakati wake, hata ajapo Bwana", na anatoa sababu, kwamba ni Bwana ndiye atayamulika yenye yamefichwa gizani na kuonyesha mashauri ya mioyo. Enda Milimani siku ya kesi uone, watu wamejaa kortini, kila mtu na maoni yake, wengine wanajua mshtakiwa tangu utoto, lakini hakuna anayesimama kutoka kwa benchi za nyuma akasoma hukumu. Mhubiri ni mtu wa benchi za nyuma, hata mimi.

Na ujue makanisa yenye yamekuwa makini na hii mambo kwa karne nyingi hayafanyi vile huyo alifanya. Kanisa Katoliki liko na utaratibu mrefu wa kutangaza mtu kuwa mtakatifu, wametangaza wengi sana, lakini halijawahi hata siku moja kutangaza rasmi mtu fulani kwa jina kwamba ako jehanamu. Wanafundisha jehanamu iko, wanaonya watu, lakini jina la mtu hawaweki.

Lakini sitaki pia nikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mimi siwezi kukuandikia kwamba ndugu yako ako mbinguni, juu hiyo pia sijapewa kujua. Zile tangazo za mazishi tunaandika kila mtu "amepandishwa utukufuni", hata mtu mwenye alisema wazi hataki Mungu, huko pia ni kukalia kiti cha Hakimu, tofauti ni kwamba hii moja inatufurahisha. Kile naweza kukwambia ni nani amemshika na vile huyo anayemshika ako, na hapo iko mengi ya kusema.

Angalia yule mhalifu msalabani, Luka 23. Hakubatizwa, hakutoa sadaka, hakuwa na muda wa kurudisha alichoiba, aliomba sentensi moja tu na akaambiwa "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi". Kutoka ndugu yako agongwe mpaka akate roho kulikuwa na muda, sijui ni mrefu kiasi gani, na huo muda hakuna mtu wa matanga alikuwa ndani ya roho yake. Kijana mwenye alisoma katekisimo anajua jina la kuita. Aliita? Sijui, na pasta hajui. Mungu anajua, na kwa imani yetu Mungu si mtu wa kutafuta sababu ya kukataa mtu.

Mambo ya pombe. Najua mtu atakutolea 1 Wakorintho 6:10, walevi hawataurithi ufalme wa Mungu, na ni kweli imeandikwa, ulevi si mchezo. Soma basi na mstari wa 11, "Na baadhi yenu mlikuwa watu wa namna hii, lakini mlioshwa". Watu wengi huku kwetu wanaishi na hofu kwamba Mungu anamvizia mtu, anangoja akosee jioni moja ndio amchukue hapo hapo akiwa na makosa. Hiyo picha haitoki kwa Injili. Hata Wakatoliki, wenye wanafundisha wazi kwamba mtu akifa ndani ya dhambi ya mauti bila kutubu anapotea, wanasema ili dhambi iwe ya mauti lazima iwe jambo zito, mtu awe anajua vizuri, na awe ameamua kwa hiari yake kamili. Nani aliyesimama hapo kaburini alikuwa na uwezo wa kupima hayo yote matatu?

Hao akina mama wa ploti nao nisiwapite. Mathayo 25, Yesu anaelezea ile siku ya mwisho, kondoo na mbuzi, na kitu yenye hunishika kila nikiisoma ni vile pande zote mbili zinashangaa. Wenye haki wanauliza, Bwana, lini tulikuona una njaa tukakulisha? Hawakuwa na habari. Wale wengine pia wanashangaa, walidhani wako sawa. Sisemi ndugu yako alinunua mbingu na safari za Mama Lucy, kanisa letu halifundishi wokovu wa matendo na mimi siamini hivyo. Nasema tu kwamba Yesu mwenyewe ametuambia hiyo siku itakuwa na watu wengi wa kushangaa, na zile safari za usiku zenye nyinyi tu ndio mnazijua, yeye anazo zote.

Sasa hapo kwa shangazi, shemeji na PCEA yenu. Mnachanganyikiwa kwa sababu watu wanajibu maswali mawili tofauti kama ni moja. Swali la kwanza: mtu akikufa leo, kati ya leo na siku ya mwisho ako wapi? Swali la pili: siku ya mwisho itakuwaje? Hili la pili ndilo kubwa, na hapo karibu makanisa yote mnayoyajua yanakubaliana, Kristo atarudi, wafu watafufuliwa, kutakuwa na hukumu, na kutakuwa na uzima wa milele. Kanuni ya Imani ya Nikea inasema tunangojea ufufuo wa wafu na uzima wa ulimwengu ujao, na hiyo inakiriwa na Wakatoliki, Waanglikana, Waorthodoksi, PCEA. Huku Nairobi ukisikiliza mahubiri mengi ya mazishi utadhani Ukristo ni roho kupaa juu basi, mwili umeisha, stori imeisha. Hapana. Paulo kwa 1 Wakorintho 15 anasema kama Kristo hakufufuka kuhubiri kwetu ni bure, na hoja yake yote hapo ni mwili kufufuliwa ukiwa umebadilishwa. Kitu tunangoja ni Mungu kumwita ndugu yako kwa jina asimame, mtu mzima, na dunia yote kurekebishwa. Yule pasta aliruka hapo pote. Hata ukichukua Ufunuo 20 vile ilivyo, ziwa la moto linakuja baada ya ufufuo na baada ya vitabu kufunguliwa.

Ni hilo swali la kwanza ndilo linagawanya watu, na wanagawanyika wakiwa na Biblia mkononi, si ati mmoja ni mjinga.

Shemeji yako anasimama na Mhubiri 9:5, "wafu hawajui neno lo lote", na na Yesu kusema Lazaro amelala, Yohana 11. Wasabato wako hapa Kenya tangu 1906 walipoanza Gendia kule Nyanza, na hili wamelifundisha bila kuyumba, mtu akifa analala kabisa mpaka ufufuo, na waovu mwishowe wanaangamizwa waishe, hawateswi milele. Kwa imani ya shemeji hakuna mtu anaungua saa hii, hata mmoja. Yale maneno ya mhalifu msalabani wao huweka koma baada ya "leo", iwe Yesu anamwambia leo, kwamba siku moja utakuwa nami. Maandishi ya zamani ya Kigiriki hayakuwa na koma, kwa hivyo si hoja ya kuchekelea, ingawa mimi huona haikai vizuri, juu mahali pengine Yesu akisema "amin, nakuambia" hasemangi "nakuambia leo".

Kanisa lenye ndugu yako alibatizwa linarithi Ungamo la Westminster la 1646, yaani tamko la imani la Wapresbiteri, na hilo linasema wazi kwamba roho haifi wala hailali, wenye haki wanakuwa na Mungu wakingoja miili yao, na waovu wanatupwa jehanamu kwa mateso, wakiwekwa huko mpaka hukumu ya siku kuu. Hapa wanashika Wafilipi 1:23 na 2 Wakorintho 5:8, na pia stori ya tajiri na Lazaro maskini kwa Luka 16, yenye ndiyo mapasta wa moto wanapenda sana. Tajiri kweli anateseka hapo. Lakini wengi wetu tunaofundisha Agano Jipya tunaisoma kama mfano, na lengo la mfano ni tajiri mwenye alipita maskini mlangoni kwake kila siku, haukutolewa ndio tujue hali ya hewa ya kuzimu.

Shangazi naye. Wakatoliki wanaamini kila mtu anahukumiwa mara moja akifa, na mwenye amekufa kwa urafiki na Mungu lakini bado hajatakata anapitia toharani. Waprotestanti wengi wanadhani toharani ni nafasi ya pili ya kuokoka, hapana, kwa Wakatoliki wenyewe kila aliye toharani ashaokoka, ni kusafishwa tu amebakisha. Ndio maana wanaombea wafu, wakitumia 2 Makabayo 12, kitabu chenye hakiko kwa Biblia yenu. Waorthodoksi pia wanaombea wafu ingawa hawaielezi toharani vile Wakatoliki wanaeleza, na Waanglikana kwa zile Kanuni zao 39 waliikataa, ya 22.

Utaniuliza mimi nasimama wapi. Nasimama na Westminster, naamini aliye wa Kristo ako na Kristo leo, na nangoja ufufuo. Lakini nimekaa na Wasabato wakizika wapendwa wao na nimeona amani yao ni ya kweli, na ukifikiria vizuri, kwa mtu aliyelala kitu kinachofuata kuskia ni sauti ya Bwana, hajui kama zimepita siku tatu ama miaka elfu. Kwa ndugu yako tofauti yetu na shemeji si kubwa vile inaonekana mkibishana sebuleni. Jambo lenye lingekuwa kubwa ni kama mmoja wetu angesema Mungu si mwenye haki ama si mwenye huruma, na hakuna anayesema hivyo.

Kuhusu ndoto. Ulienda mochari kumtambua? Hukusema, lakini watu wengi wakiguza mkono wa mtu wao akitolewa kwa friji, ile baridi haiwatoki, inarudi usiku ikiwa na sauti. Kuota marehemu, hasa aliyekufa ghafla bila kwaheri, ni kitu ya kawaida kabisa ya majonzi, akili inajaribu kumaliza mazungumzo yaliyokatika. Si ujumbe kwamba anateseka. Lakini najua pia kwa nini ndoto kama hiyo inatutisha sisi zaidi. John Mbiti, kasisi Mwanglikana kutoka Kitui aliyefariki 2019, alieleza vizuri vile wazee wetu waliona waliokufa karibuni kama wafu walio hai, bado wako kwa boma, wanakumbukwa kwa majina, wanaweza kuja kwa ndoto wakaomba kitu. Hiyo heshima kwa waliotangulia ni nzuri na siidharau. Hata hivyo sehemu ya kwamba marehemu anangoja umlipie kitu ndio apate kutulia, hiyo Injili inaikata. Ukiamka na hiyo ndoto, mwambie Mungu, si ndugu yako, "Bwana unamjua, nimekuachia", halafu ukunywe maji, uwashe taa, ukae kidogo.

Na huyo nabii usimpe hata shilingi. Hakuna kanisa kati ya yote nimetaja, Katoliki, Sabato, PCEA, Anglikana, linalofundisha kwamba mtu aliye hai anaweza kufungua roho ya marehemu kwa malipo. Hii biashara si mpya. Ujerumani mwaka wa 1517 kulikuwa na mtawa anaitwa Johann Tetzel akizunguka akichukua pesa za watu kwa ajili ya jamaa zao waliokufa, na ndiyo ilimfanya Martin Luther aandike zile hoja zake 95, na Kanisa Katoliki lenyewe kwa Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka wa 1563 likapiga marufuku huo uchumaji. Petro alikuwa ashamaliza hiyo kesi zamani kwa Matendo 8, Simoni alipoleta pesa anunue nguvu ya Roho Mtakatifu akaambiwa "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe". Akirudi kwa mlango mwambie mko na mchungaji. Akitisha kwamba wewe ndiye unafuata, hiyo sasa ni vitisho, mwambie mzee wa mtaa na ukiona inaendelea piga ripoti polisi.

Umeuliza kama utamwona. Paulo akiwafariji Wathesalonike, sura ya 4, hawaambii tu kwamba Bwana atakuja, anasema tutakuwa pamoja nao, wale waliolala. Hajatengeneza mbingu ya watu wasiojuana. Yesu aliyefufuka alikuwa bado na makovu yake, na Mariamu alimjua alipoitwa kwa jina. Kwa hivyo naamini walio wa Bwana watajuana. Kama ndugu yako ako kati yao, utamjua. Hiyo "kama" siwezi kuiondoa, ningekuwa nakudanganya, lakini pia sikuruhusu uibebe usiku kucha kana kwamba uamuzi ni wako. Iko mikononi mwa yule aliyekufa kwa ajili ya huyo kijana.

Na msikubali mtu awaambie kulia ni kukosa imani. Ule mstari wa 1 Wathesalonike 4:13 haukatazi kuhuzunika, unakataza kuhuzunika kama wasio na matumaini. Yesu alijua anaenda kumfufua Lazaro baada ya dakika chache na bado Yohana 11:35 inasema akalia machozi. Mwache mama alie. Ila kuzirai kama kumetokea tena mpeleke hospitali wampime presha, isiwe tunaita huzuni kitu yenye ni ugonjwa. Wewe nawe ukiona miezi inaenda na hulali, huli, kazi imekushinda, ama hizo fikra za kumfuata zinarudi, tafuta mshauri ama daktari wa akili, hospitali ya Mathari wanahudumia watu wa majonzi pia, si wale tu watu husema vibaya. Kuenda huko si kumkosea Mungu.

Ongea pia na mchungaji wa parishi yenu pamoja na wazee wa kanisa, uso kwa uso, mwambie kile kilisemwa kaburini na vile kimewaacha. Mwombe aje nyumbani aketi na mama, asome naye hiyo 1 Wathesalonike polepole bila watu wengi. Mimi niko mbali naandika tu, mama anahitaji mtu wa kumshika mkono.

Kuhusu misa ya shangazi, usigombane naye. Sadaka ya misa si bei, na asiye nayo bado anaweza kuombewa, kwa hivyo usiifananishe na ile elfu kumi na tano. Wewe kama Mpresbiteri si lazima useme amina kwa usichoamini, lakini unaweza kwenda ukaketi karibu naye, umshukuru Mungu kwa maisha ya ndugu yako na umwombe faraja kwa mama. Wakatoliki huwakumbuka marehemu wote tarehe 2 Novemba, pengine hiyo ndiyo siku shangazi anaitaka. Muulize. Halafu uniandikie tena unijulishe vile mama anaendelea.